Nyota Zilizofichwa na Vumbi

Wengi nyumbani huniuliza, "Elimu ya nyota itamlisha nani?" Swali hilo ni la haki, nami napenda kulijibu.

Chuma kilichotolewa motoni, kikiisha kupoteza wekundu wake, hakionekani gizani. Lakini ukikaribia kwa kiganja utajua kwamba kingali moto. Joto hilo linalokufikia ni namna ya mwanga usioonekana kwa jicho, nao huitwa infraredi. William Herschel aliugundua huko Uingereza mwaka 1800, kwa kutumia vipimajoto.

Sasa tazameni mbinguni jioni za Januari. Kusini kidogo ya zile nyota tatu zilizojipanga mstari kuna doa kama ukungu. Hiyo ni Nebula ya Orioni, wingu la gesi na vumbi ambamo nyota huzaliwa. Nuru yake husafiri kadiri ya miaka 1,300 hata kutufikia. Vumbi huzificha nyota changa, bali infraredi hupenya. Mwaka 1967 Eric Becklin, aliyekuwa bado mwanafunzi, pamoja na mwalimu wake Gerry Neugebauer, walitangaza kwamba wameona humo nyota iliyofichika. Leo darubini ya Webb, iliyorushwa Desemba 2021, inaendeleza kazi hiyo.

Jua letu nalo lilizaliwa katika wingu kama hilo. Anayeuliza asili ya ukoo wake haambiwi kuwa anapoteza wakati. Basi, baba yangu, ng'ombe nitawachunga kila likizo. Naomba tu ruhusa yako nisome fizikia.