Kimya cha Kumsikiliza Mungu Mjini Bujumbura

Mji wa Bujumbura, ambao hadi Burundi ilipopata uhuru mwaka 1962 ulijulikana kwa jina la Usumbura, umekaa kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, mgongo wake ukiegemea milima na uso wake ukielekea Kongo. Msafiri auonapo kwa mbali, kutoka barabara iteremkayo milimani, hudhani ameuona mji wa utulivu mtupu: paa za bati, miembe, na nyuma yake ziwa lenye kina kifikacho mita 1,470, ambalo duniani kote hushindwa kina na Ziwa Baikal peke yake.

Afikapo Buyenzi, dhana hiyo humtoka. Huu ni mtaa mkongwe wa Waswahili, ambao njia zake zimepewa namba badala ya majina. Nyundo za mafundi wa magari hulia tangu asubuhi. Redio hushindana dirisha kwa dirisha. Wachuuzi hunadi, watoto hugombana, na juu ya hayo yote hupanda adhana, msikiti mmoja ukianza kabla mwingine haujamaliza. Upande wa kaskazini, katika mitaa ya Kamenge na Kinama, yako makanisa yakeshayo kwa nyimbo na vipaza sauti. Na mwisho wa juma, kabla jua halijawa kali, vikundi vya wakimbiaji hupita barabarani wakiimba kwa kuitikiana, hata aliyetaka kulala kidogo huona heri aamke.

Si kwamba watu hawa wamemsahau Mungu. Majina yao wenyewe humtaja. Kwa Kirundi Mungu huitwa Imana. Basi Hakizimana maana yake ni Mungu ndiye aponyaye, Habonimana ni Mungu ndiye aonaye, na Nduwimana ni mimi ni wa Mungu. Mama aitapo wanawe waje kula, huwa kama mtu asomaye sala. Ila Mungu aitwaye kwa kipaza sauti usiku kucha hupewa nafasi ndogo sana ya kujibu.

Mgeni aweza kushangaa kuwa wakazi wengi wa Bujumbura hawazilaani kelele hizi. Sababu ipo, nayo si ndogo. Mji huu umewahi kujua kimya cha namna nyingine. Rais Melchior Ndadaye alipouawa tarehe 21 Oktoba 1993, nchi iliingia katika vita vya miaka mingi, na jua lilipokuchwa mji ulifunga milango. Taa zilizimwa mapema, redio zilipunguzwa sauti, na mzazi aliyekuwa na mtoto mwenye kikohozi alimfunika blanketi asisikike nje. Julai 2003 mapigano yalifika hadi mitaa ya kusini ya mji. Amri ya kutotembea usiku haikuondolewa ila mwaka 2006, na mwaka 2015 milio ya risasi ilisikika tena mitaani.

Askari aliyewahi kushika lindo la usiku hahitaji kuelezwa kimya hicho. Sikio huwa wazi kuliko wakati wowote, lakini linasikiliza hatua za adui. Mke wake nyumbani naye yu macho, akisubiri mlango ugongwe na akiogopa usije ukagongwa. Ndiyo maana kwa watu wa Bujumbura kelele za jioni, za bia na mishikaki na vicheko vya vijana, zilirudi kama habari njema. Hata katika miaka ya karibuni, petroli ilipoadimika na barabara zikabaki tupu, wako waliosema kwamba utulivu ule haukuwapendeza. Ulikuwa utulivu wa dhiki.

Kimya cha kumsikiliza Mungu, basi, hutafutwa hapa na watu ambao masikio yao yana kumbukumbu, na wengi wao hupanda Gikungu.

Gikungu ni mahali pa hija ya Wakatoliki, juu ya kilima ndani ya mji wenyewe, panapoitwa Mlima Sayuni. Hapo pana kikanisa kidogo cha chama cha Schoenstatt, kilichojengwa kwa mfano wa kile cha awali kilichoko Ujerumani, ambako chama hicho kilianzishwa mwaka 1914 na Padre Joseph Kentenich. Padre huyo naye alionja vimya viwili. Mwaka 1941 polisi wa Hitler walimfunga mjini Koblenz katika chumba cha giza kwa majuma manne, kisha wakampeleka kambi ya mateso ya Dachau, alikokaa hadi mwaka 1945. Kimya cha chumba kile kilikusudiwa kumvunja; yeye alikitumia kusali. Pengine si ajabu kwamba kikanisa kilichotokana na kazi ya mtu wa namna hiyo kimependwa Burundi.

Wanaofika Gikungu si watawa peke yao. Huonekana mwanafunzi anayengoja matokeo, mjane, hata mtu aliyetoka kazini akiwa bado na mfuko wa mboga mkononi. Wengine hawatamki neno. Huketi tu, na dakika za kwanza, kama walivyo watu wote, huwasikiliza wadeni wao na mabosi wao vichwani kabla ya kumsikiliza Mungu.

Waislamu wa Buyenzi hawana haja ya kilima. Wao huikata njia ya kelele kwa saa: huamka usiku wa manane kabla ya alfajiri, nyundo zikiwa zimelala, na katika kumi la mwisho la Ramadhani wako wakaao itikafu msikitini, simu na biashara vikisubiri nje. Na kwa familia yenye chumba kimoja na uani wa kuchangia na majirani, saa hiyo ndiyo nafasi pekee. Mama awashaye makaa kabla ya wengine kuamka, akaiacha redio imezimwa hadi chai ichemke, amejipatia kikanisa au msikiti wake. Jambo hili halina gharama, ila lataka watu wa nyumbani wapatane.

Vitabu vitakatifu vinasimulia kwamba nabii Eliya alipofika mlima Horebu alikuwa mkimbizi aliyetafutwa auawe. Upepo ulipita, tetemeko, kisha moto, na Mungu hakuwamo. Ndipo ikaja sauti ndogo ya utulivu. Watu husahau yaliyofuata. Sauti ile haikumwambia abaki pangoni. Ilimrudisha njia aliyotoka, akafanye kazi. Mtume Muhammad (S.A.W.) naye, baada ya wahyi wa kwanza katika pango la Hira, aliteremka kurudi Makka.

Jioni, watu wa Gikungu huteremka vivyo hivyo. Njiani simu hufunguliwa moja baada ya nyingine, mtu akauliza nyumbani kama ndagala zimenunuliwa, na chini mji unaendelea kupiga kelele zake.