Veranda ya Norfolk

Kwetu Pwani mtu akifa, jirani hawangoji kuambiwa. Wafiwa hawaachwi wainjike chungu. Moto huwashwa uani na wengine, majamvi yakatandikwa nje, na anayekuja kuhani haondoki bila kula. Hoteli haina nafasi ya desturi hiyo. Kazi yake ni kulisha wageni, na mgeni aliyefika leo hana habari ya kilio cha jana. Ndiyo maana nikipita Barabara ya Harry Thuku jijini Nairobi, nikawaona watu wakinywa chai kwenye veranda ya Hoteli ya Norfolk, huiona kama nyumba iliyofiwa mara kadhaa na isiyowahi kukaa matanga.

Ilifunguliwa siku ya Krismasi mwaka 1904, Nairobi ikiwa mji mchanga wa reli, wa mabati na matope. Walowezi wakaifanya kwao, hata ikapewa lakabu ya Nyumba ya Malodi. Mwaka 1909 ilikuja safari ya Theodore Roosevelt na bunduki zake za kuwindia. Hayo yamesimuliwa mno na wala hayanishughulishi.

Linalonishughulisha ni tarehe 16 Machi 1922. Siku mbili kabla, serikali ya kikoloni ilikuwa imemkamata Harry Thuku, kijana aliyefanya kazi ya simu katika ofisi ya Hazina, kwa kuwa aliwakusanya watu kupinga kipande walicholazimishwa kubeba, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Wafanyakazi wakaacha kazi. Umati ukajaa mbele ya kituo cha polisi alikozuiliwa, karibu kabisa na hoteli. Wajumbe wao walikwenda kuonana na wakubwa, wakarudi na ombi kwamba watu watawanyike, na baadhi ya wanaume wakaanza kuondoka. Hapo mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, akajitokeza. Akapandisha nguo yake mbele yao na kuwaambia wampe yeye suruali zao, kama wao wameshindwa kuzivaa. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasonga mbele, askari wakafyatua risasi. Na pale kwenye veranda ya Norfolk, walowezi nao wakaanza kuupiga risasi umati ule.

Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliokufa. Hesabu ya serikali ilizidi kidogo watu 20. Wenzake Thuku walitaja zaidi ya 50. Thuku mwenyewe alipelekwa uhamishoni Kismayu bila kufikishwa mahakamani.

Nimeshindwa kulipita jambo hili la risasi kutoka kwenye veranda. Askari ana amri ya mkubwa wake, hata kama amri hiyo ni dhuluma. Lakini huyu aliyekuwa mahali pa kula na kunywa hakuamriwa na mtu. Bilauri yake ilikuwa karibu, na bila shaka nyuma yake alikuwapo Mwafrika wa kumhudumia, kwa maana hoteli kama ile haikuendeshwa na mikono mingine. Namfikiria mtumishi huyo zaidi ya mtu yeyote katika kisa hiki. Alisikia mlio juu ya kichwa chake, akaona wanaoanguka ni watu wa rangi yake, pengine wa kijiji chake, kisha jioni ikafika na meza zikahitaji kuandaliwa. Alilia wapi?

Msiba wa pili uliingia ndani ya chumba cha kulia chenyewe. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1980, watu wakiwa katika karamu ya kuukaribisha mwaka, bomu lililipuka na kuangusha sehemu ya jengo. Watu wapatao 20 walikufa na makumi wakajeruhiwa. Hoteli ilikuwa mali ya familia ya Block, Wayahudi wa Kenya, na iliaminika kuwa ni kisasi kwa msaada ambao Kenya iliwapa Waisraeli katika uvamizi wa uwanja wa ndege wa Entebbe, Uganda, mwaka 1976. Waliokuwa wakila usiku ule hawakuwa wameamua lolote kuhusu Entebbe. Kuta zikajengwa upya, meza zikarudi.

Kisha mwaka 2020, wakati wa korona, ukaja msiba usio na maiti. Wafanyakazi wote waliarifiwa kwamba ajira yao imekwisha na milango inafungwa. Hoteli ilifunguliwa tena baadaye, lakini mlango kufunguliwa hakumrudishi kila aliyetoka. Mpishi aliyejua moto wa jiko lake kwa kuusikia tu, mhudumu aliyejua mteja yupi hapendi maziwa katika chai: ujuzi wa namna hiyo hukaa ndani ya watu, na watu wakitawanyika hakuna wa kuuokota. Aliyepoteza kazi ya miaka mingi hapigiwi hodi na jirani mwenye sinia la chakula.

Sisemi Norfolk ivunjwe. Nairobi imeshabomoa mengi mno, na pengo la jengo la kale halisaidii mtu kukumbuka. Ng'ambo ya barabara ipo Kenya National Theatre, ambapo mwaka 1976 mchezo wa The Trial of Dedan Kimathi uliwatia watu moto wa historia yao wenyewe. Naona ni vyema majengo haya mawili yaendelee kutazamana. Tena hoteli hii leo ina Thuku katika anwani yake, huku veranda yake ikiwa imejulikana kwa jina la Lord Delamere, kinara wa walowezi.

Ningependa veranda hiyo iitwe kwa jina la Nyanjiru. Iandikwe kwenye orodha ya vyakula, pale juu, mgeni aisome kabla hajachagua supu, na akimuuliza mhudumu huyo alikuwa nani, aelezwe yote, pamoja na risasi zilitoka upande gani.