Splaini Haichorwi kwa Macho

Wasee, kuna kitu kinanikera. Mwanafunzi wa uhandisi anachora shafti ya breki kwa kompyuta, safi kabisa, halafu akifika kwa splaini, yaani yale meno yanayozunguka shafti, anaweka tu idadi inayokaa poa kwa skrini. Manze, hapana. Vipimo vya splaini havitungwi, vinatafutwa.

Hii stori inanigusa kwa sababu mjomba wangu huendesha trela, Mombasa hadi Malaba. Akiteremka Salgaa na mzigo, anakanyaga breki, hewa inasukuma chemba, chemba inasukuma ajasta, na ajasta inazungusha shafti yenye kichwa cha umbo la S, ile inayopanua viatu vya breki ndani ya dramu. Kinachoifanya ajasta izungushe shafti ni splaini. Meno yakilika, mjomba anakanyaga na gurudumu hilo halisikii.

Piga hesabu kidogo. Chemba aina ya 30 ina eneo la inchi 30 za mraba. Hewa ikiwa ya bar 6, inasukuma kwa nyutoni kama 11,600. Mkono wa ajasta ukiwa milimita 150, hiyo ni karibu nyutoni-mita 1,740 za kusokota, zote zikipita kwa shafti nene milimita 38 tu. Na meno hayabebi sawa: hakuna yanayokatwa bila tofauti kabisa, kwa hivyo machache huumia zaidi.

Kwa hivyo anza na mzigo. Kisha fungua jedwali. Meno yenye pande zilizonyooka yako kwa ISO 14. Yale ya kupinda yako kwa ISO 4156. Ukiona 8 × 32 × 36, soma hivi: meno 8, kipenyo cha ndani milimita 32, cha nje 36. Hata upana wa jino umeandikwa hapo.

Na kama shafti yako itaingia kwa ajasta ya dukani, basi ajasta ndiyo inaamua. Kuna za inchi moja na nusu zenye meno 10, na kuna za inchi hiyo hiyo zenye meno 28. Kipenyo ni kimoja lakini haziingiliani ng'o. Hesabu meno kwanza.

Najua kuna mtu ataniambia, "Mbona fundi wa jua kali hukata bila jedwali?" Buda, fundi mzuri hukaa na shafti ya zamani mkononi. Anahesabu meno, anapima na venia, anajaribu kama inaingia. Hilo ndilo jedwali lake. Anayekisia ni yule wa laptopu.

Sasa niambie ukweli: namba za splaini kwa mchoro wako ulizitoa wapi?