Filbert Bayi na Gharama ya Haki



Wapendwa waamini, wengi wetu tuishio Kibaha na Kisarawe tunalifahamu jina la Filbert Bayi kwa sababu ya shule iliyopo Mkuza, Kibaha. Vijana wetu hulitamka jina hilo bila kujua kwa nini dunia ililijua kabla yao.

Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, kijana huyo mzaliwa wa Karatu, akiwa na umri wa miaka 20, alikimbia mita 1,500 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Alishika uongozi mapema na hakuuachia hadi mwisho. Alitumia dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi mpya ya dunia. John Walker wa New Zealand alimfuata kwa karibu sana, hata naye akawa chini ya rekodi ya zamani. Mei 1975, huko Kingston, Jamaika, Bayi aliweka rekodi ya dunia ya maili moja. Agosti mwaka huohuo, Walker akaivunja. Ikabaki wakutane katika Olimpiki ya Montreal, mwaka 1976.

Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, katika mwaka uleule ambao wanafunzi wa Soweto waliuawa kwa risasi. New Zealand isipoondolewa katika michezo hiyo, Tanzania na nchi nyingine nyingi za Afrika zilisusia. Walker alitwaa dhahabu ya mita 1,500 bila Bayi kuwapo.

Hatusiti kusema kwamba taifa letu lilitenda haki. Hata hivyo, uamuzi ulikuwa wetu sote, na sehemu kubwa ya gharama ikaangukia miguu ya mtu mmoja. Umri wa mwanariadha haungoji.

Mwaka 1980, huko Moscow, Bayi alipata fedha katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Aliongoza tena, akapitwa katika mzunguko wa mwisho na Bronisław Malinowski wa Poland. Medali hiyo, pamoja na fedha ya Suleiman Nyambui ya mita 5,000, ndizo pekee ambazo nchi yetu imepata katika Olimpiki hadi Paris 2024. Baadaye alitumika miaka mingi kama Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania, na akajenga shule. Aliyenyimwa mbio yake amewaandalia wengine njia.

Wapendwa, katika familia zetu pia yupo aliyelipa kwa ajili ya wote: binti aliyeacha masomo ili wadogo zake wasome, kaka aliyebaki shambani ili mama mgonjwa asiachwe peke yake. Kikao cha ukoo kiliamua, pengine kwa haki kabisa, kisha kikasahau. Mtume Paulo anapoufananisha uzima wetu na mbio, anatukumbusha taji lisiloharibika. Taji hilo Mungu atalitoa; shukrani ni deni letu sisi.

Juma hili tumtafute mtu huyo, tumwambie asante angali anasikia.