Hatua ya Kwanza

Nilicheza namba sita, na namba sita haimbiwi nyimbo. Kazi yake ni kuziba: kukata pasi kabla haijamfikia mshambuliaji, kuwepo pale mpira unapodondoka, kumwachia mwenzake na kuanza kufikiria utarudi wapi. Nilijifunzia Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kwenye viwanja vya vumbi ambako Wakakwa, Wanubi na vijana waliovuka kutoka Kongo na Sudan Kusini tulicheza pamoja na kupigiana kelele kwa Kiswahili. Kwenye vumbi lile mpira haudundi unavyotarajia, kwa hiyo huutazami. Unatazama nyonga ya aliye nao. Macho yatakudanganya, mabega yatakudanganya, lakini nyonga ikigeukia kulia mpira nao unakwenda kulia, na wewe uwe umeshaondoka. Hatua hiyo ya kwanza ndiyo iliyonilisha.

Barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba ilipowekwa lami, ikawezekana kwenda mazoezini mjini Arua na kulala nyumbani. Arua wakati huo ilikuwa imewaka. Onduparaka, timu iliyobeba jina la kitongoji chake, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2016, na uwanja wa Greenlight ukawa hautoshi. Nani alizoea kuona vigogo kama KCCA, Vipers na SC Villa wakivuka daraja la Pakwach kuja kutafuta pointi kwetu? Watu walijaa saa nyingi kabla ya mechi. Walioshindwa kuingia walipanda miti. Kocha alikuwa Livingstone Mbabazi, kiungo wa zamani wa timu ya taifa, Uganda Cranes, na mbele alikuwepo Muhammad Shaban, ambaye baadaye alikwenda KCCA na mwaka 2018 akasajiliwa na Raja Casablanca ya Morocco. Kila mtoto wa eneo letu la West Nile mwenye mpira wa makaratasi aliamini kwamba njia sasa ipo. Mimi pia niliamini, na sioni aibu kwa imani ile. Ilikuwa kweli.

Nikachukuliwa na klabu nyingine, mbali na nyumbani. Mkataba ulikuwa wa mdomo: posho kila mechi, chumba cha kulala, basi. Siku goti lilipogeuka nilikuwa nakata pasi ya kawaida kabisa, mguu ukabaki chini na mwili ukaenda. Nililetewa barafu, kisha dawa ya kuchua, kisha nikaambiwa nipumzike nyumbani nitaitwa. Hakuna aliyenipeleka kupigwa picha ya goti. Familia ilichanga.

Nilirudi uwanjani, na hapa wengi hawaelewi mchezaji anavyokwisha. Si pumzi inayotangulia kuondoka, wala akili. Nyonga niliisoma vizuri kuliko zamani. Lakini hatua ya kwanza ilichelewa kidogo, na kidogo hicho ndicho kila kitu: badala ya kufika kabla ya mpinzani nikawa nafika pamoja naye. Kadi za njano zikaongezeka. Mashabiki waliona nimekuwa mkorofi, kumbe nimechelewa.

Nikiwa nauguza goti nilisoma habari za Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mchezaji wa besiboli aliyesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, nafasi inayotaka hatua ileile ya kwanza. Pittsburgh Pirates walimsajili mwaka 2008. Alisota ligi za chini hadi Aprili 2017, alipokuwa Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu ya Marekani, na mara yake ya kwanza kushika gongo akapata pigo safi. Alicheza ligi hiyo mechi 41 tu, za mwisho akiwa Toronto mwaka 2018. Wengine wataziita chache. Mimi nilihesabu miaka iliyozitangulia, na klabu iliyokuwa ikimlea muda wote huo. Klabu ya namna hiyo ndiyo tuliyoikosa.

Maana hata timu zenyewe hazikudumu. Onduparaka ilishuka daraja mwaka 2023. Arua Hill, timu nyingine ya Arua iliyopanda mwaka 2021, ilitoka kwenye ligi kabla msimu wa 2023/24 haujaisha. Mchezaji aliyekuwa bado na miaka mizuri miguuni akajikuta anaendesha bodaboda, na hakuna karatasi anayoweza kuipeleka popote. Sikubaliani na anayesema vijana wa kwetu hawana nidhamu. Nimecheza nao. Walikosa mkataba na daktari.

Sasa nafundisha vijana Koboko, na wazazi huniuliza kama mtoto anafaa. Naomba waniulize pia mambo mengine. Mzazi, kabla mwanao hajapanda basi, dai mkataba ulioandikwa, uusome au usomewe, ubaki na nakala yako, na uoneshwe kwamba amesajiliwa FUFA, shirikisho la soka la Uganda, kwa jina lake. Kisha uliza, mbele ya shahidi, nani atalipia goti.