Ahadi za Daftarini

Mara ya kwanza nilipowaomba watu wauchangie mchezo wetu, nilianza na historia. Niliwaeleza wenzangu wa bwenini kwamba mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons huko Marekani, na kwamba katika michezo ya aina hiyo watu huketi mezani, mmoja husimulia, wengine huwa wahusika, na dadu huamua jambo lisilo na hakika. Walisikiliza kwa adabu. Kisha mmoja akauliza, "Sasa mtapanda jukwaani lini?" Kosa lilikuwa langu. Niliuita mchezo wa kuigiza, na sisi tunaosoma Kiswahili hapa Kampala tunajua hiyo ni tamthilia.

Tulihitaji shilingi 2,000,000 kuchapa vitabu 50. Watungaji wa nchi nyingine hutumia Kickstarter, ambako mchangiaji hakatwi pesa mpaka lengo lifikiwe, lakini Uganda haimo katika orodha ya nchi za watungaji wanaokubaliwa. Tukaiga utaratibu huo kwa daftari, kama katika vikao vya harusi: unaandika ahadi ya 40,000, na hatukusanyi kitu mpaka ahadi zifike 50. Wiki tatu zilipita tukapata ahadi 4. Moja ilikuwa ya mama yangu.

Mwenzangu akasema tuache hotuba, tuwachezeshe watu. Nilikwenda kwa shangazi yangu, fundi cherehani, nikawakuta na wateja wake wawili. Nikawaambia: nyinyi ni wapagazi, mmetoka Bagamoyo mnakwenda Buganda. Shangazi, una mtumba wa vitambaa kichwani (mtumba kwa maana yake ya zamani). Mwenzako ana homa, hawezi kutembea. Ukimbeba, mzigo unabaki porini.

Shangazi akasimamisha cherehani. "Mwenye mali yuko wapi?"

"Yuko mbele. Hajageuka."

Alinyamaza kwa muda mrefu. "Tunauficha mtumba, tunambeba mtu. Mwenye mali tutamdanganya." Akarusha dadu ya pande 20, ikatoka 3. Walicheka, wakalaumiana, na giza likaingia hakuna aliyeondoka. Wote watatu waliandika ahadi. Tukaendelea nyumba kwa nyumba hivyo hivyo, na mwezi ulipokwisha daftari lilikuwa na ahadi 53.

Ila jioni ile shangazi aliuliza kitabu kitatoka lini, nami kwa furaha nikasema Desemba. Sikuwa nimemwuliza mpiga chapa. Waliofuata niliwaambia Desemba vilevile, kwa sababu niliona inawavutia: zawadi ya Krismasi. Mpiga chapa alipoulizwa alisema Februari.

Mwenzangu alitaka tunyamaze, tukusanye pesa kwanza. Tuligombana vibaya. Mwishowe niliwaandikia wote kwamba ile Desemba niliibuni mwenyewe, na anayetaka kufuta ahadi afute. 9 walifuta. Kwa sheria yetu wenyewe, hatuwezi kupokea hata shilingi moja.

Shangazi hakufuta. Jumamosi tutacheza tena kwake. Amewaalika majirani, na ameniagiza nisitaje mwezi wowote.