Zima Kliki Kwanza, Halafu Tuongee Gitaa

Kuna ushauri ambao kila mtu anayefundisha kurekodi muziki nyumbani anaurudia kama sala: fungua programu, chagua kasi, washa kliki, rekodi gitaa juu yake. Ukimaliza, vuta kila noti ikae kwenye mstari wake wa gridi. Ati hapo ndipo kazi inakuwa safi.

Mimi napinga. Si kwa kila kitu, tuelewane. Kama unatengeneza biti ya gengetone ama drili, washa hiyo kliki na uiheshimu. Lakini gitaa la huku kwetu, lile la vidole, lile wazee walilipiga wakiwa wamekaa kwa kigoda, halikuzaliwa kwa gridi. Na sisi vijana wenye laptopu ndio tunaolivunja mifupa tukidhani tunalisafisha.

Fungua programu nyingi leo utakuta kasi imeshawekwa: mapigo 120 kwa dakika, nne kwa nne. Hakuna aliyekuuliza. Usipojali, hiyo namba ndiyo itaamua wimbo utembee vipi kabla hujagusa hata uzi mmoja.

Kwangu hii si mambo ya nadharia. Mjomba wangu, ndugu ya mama, ana miaka 71 na anatoka Khwisero. Anapiga omutibo. Kama hujawahi kusikia, hebu fikiria hivi: kidole gumba kinapiga nyuzi nene bila kupumzika, na kidole cha shahada kinaimba juu yake kwa nyuzi nyembamba, kama watu wawili wanaojibizana ndani ya gitaa moja. Kando yake kuna mtu anakwaruza chupa ya Fanta, ile ya zamani yenye mistari, kwa kipande cha chuma. Hiyo chupa ndiyo ngoma. Jina kubwa la mtindo huu ni George Mukabi, aliyeaga dunia 1963 akiwa bado kijana.

Mwezi wa nane mjomba alikuja Nairobi kliniki. Viungo vya vidole vinavimba, asubuhi hawezi hata kufunga kifungo cha shati. Daktari alimpa dawa lakini hakumpa ahadi. Akakaa kwangu Umoja wiki mbili. Na hapo ndipo nilipiga hesabu: kwa familia yote, watoto wake na sisi wapwa, hakuna hata mmoja anayepiga vile. Hakuna rekodi pia. Kuna video moja ya harusi ambapo MC anaongea juu ya wimbo wote, bana. Vikifunga hivyo vidole, basi.

Kwa hivyo nilikuwa na jioni kama kumi, keja ya bedsitta, laptopu ya mtumba, maikrofoni moja ya kondensa na saundi kadi ndogo ya nje ya kuipa zile volti 48 inazotaka.

Watu hudharau bedsitta. Mimi nawaambia keja ndogo iliyojaa vitu inashinda sebule kubwa yenye vigae. Kitanda, nguo, mapazia, vyote vinameza mwangwi. Nilisimamisha godoro nyuma ya mjomba, nikatundika blanketi kwenye kamba mbele ya dirisha, nikazima friji. Kelele ya nje ndiyo vita. Woofa ya jirani, matatu za steji, mtoto wa floo ya pili. Tulijifunza kwamba kati ya saa tano usiku na saa saba mtaa unapumua kidogo, isipokuwa Ijumaa, maana kuna kesha pale chini na wale hawachoki.

Halafu kuna kelele ambayo huioni. Ukirekodi huku chaja imechomekwa, mara nyingi kuna mngurumo mdogo chini ya sauti. Umeme wetu unazunguka mara 50 kwa sekunde, na mngurumo wake hujitokeza pia kwenye 100. Sasa angalia gitaa: uzi mnene kabisa unatetemeka karibu mara 82 kwa sekunde, unaofuata mara 110. Hiyo 100 imekaa katikati yao! Ukijaribu kuukata mngurumo baadaye kwa fujo, unakata na nyama ya kidole gumba. Na kwa omutibo, gumba ndilo wimbo. Dawa ni rahisi: chomoa chaja, rekodi kwa betri. Yangu inadumu dakika arobaini, kwa hivyo tulikuwa tunarekodi dakika arobaini halafu tunakunywa chai.

Wenye gitaa la umeme, nanyi msichomeke kebo moja kwa moja kwenye tundu la maikrofoni la laptopu. Halikutengenezwa kwa gitaa, linalibana, sauti inatoka nyembamba na imekufa. Tafuta saundi kadi yenye kitufe kilichoandikwa Inst ama Hi-Z. Inatosha hapo, leo ni la mbao.

Maikrofoni usiielekeze kwenye tundu la gitaa. Kila mtu anayeanza huielekeza pale kwa sababu anaona sauti inatokea pale, na anachopata ni mngurumo kama wa pipa. Anza pale shingo inapokaribia mwili, karibu na freti ya 12, umbali wa sentimita 25 hivi. Kisha sogeza kidogo kidogo huku ukisikiliza. Kwa mjomba nilirudi nyuma hadi karibu nusu mita na kuipandisha kifuani, kwa sababu anaimba akipiga. Niliwahi kumuomba apige bila kuimba ili nirekodi sauti kando. Aliniangalia kama nimemwambia asonge ugali bila mwiko. Basi, maikrofoni moja, mtu mzima mzima.

Kiwango nilikiacha chini: sauti kubwa kabisa ifike kama desibeli 12 chini ya sifuri, kwenye biti 24. Ikigonga sifuri inakatika juu, na hakuna kitakachoirudisha ilivyokuwa. Mtu mwenye vidole vinavyouma huwezi kumwambia kila saa "Mjomba, tuanze tena."

Sasa turudi kwa kliki.

Nina rafiki prodyusa, msee mkali kabisa kwa kazi yake, alipita usiku wa pili. Akasema tusipoweka kliki, hii kazi haitawahi kutumika popote, hakuna atakayeweza kuiongezea ngoma. Tukajaribu basi, ili kila mtu asikie. Tukamvisha mjomba hedifoni.

Shida ya kwanza ilikuwa kuchelewa. Kompyuta haichukui sauti kama mto unavyotiririka, inaihesabu sampuli 44,100 kila sekunde na kuzikusanya kwenye ndoo kabla ya kukurudishia. Ndoo ikiwa ya sampuli 1,024, umechelewa kama milisekunde 23 kuingia tu, na kurudi kwenye hedifoni kunaongeza zaidi. Ukipunguza hadi 256 inashuka karibu milisekunde 6, lakini laptopu ya mtumba inaanza kukoroma na kutoa sauti za kukatika. Milisekunde 23 unaweza kuziona ni kitu kidogo. Mwambie mtu aliyepiga gitaa miaka hamsini. Mjomba alipiga noti tatu, akasimama. "Mpwa wangu, kuna mtu ananifuata nyuma."

Tukaitengeneza. Kliki ikaanza. Sekunde ishirini hivi, akavua hedifoni akauliza, kwa upole kabisa, "Huyo anayebisha mlango ni nani?"

Nilicheka hadi nikakaa chini. Lakini prodyusa hakucheka, na hoja yake nataka niitendee haki, kwa sababu wengi wenu mko upande wake. Alisema kila mwanamuziki mzuri anaweza kufuata kliki, kwamba kupanda na kushuka kwa kasi ni udhaifu tu ambao wazee waliachiwa kwa sababu hakukuwa na kifaa cha kuwapima.

Mimi nilipima. Baada ya kuzima kliki na kuvua hedifoni, nilichukua chupa nikakwaruza mwenyewe, na mjomba akapiga wimbo mzima. Wimbo ulianza kwenye mapigo 98 kwa dakika na ukaishia 106. Na haukupanda ovyo ovyo. Akiimba, kasi inatulia. Anaponyamaza kuacha gitaa liongee, inasogea mbele kidogo. Akirudi kuimba, inarudi, ila haishuki hadi pale ilipokuwa mwanzo. Beti kwa beti, kila mara. Huo si udhaifu, mazee. Udhaifu haujirudii kwa mpangilio mara sita ndani ya wimbo mmoja.

Prodyusa alichukua nakala akaivuta yote kwenye gridi. Nikaisikiliza kwa haki. Noti zote ziko. Lakini gumba na shahada hawajibizani tena, wamesimama foleni.

Kuna hadithi ya zamani inayonifanya nifikirie hili zaidi. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine zake za kurekodi, alimkuta Mwenda Jean Bosco akipiga gitaa huko Jadotville, Congo, mji ambao leo unaitwa Likasi. Alimrekodi, na wimbo wa Masanga ukatoka hapo. Mwenda aliimba Kiswahili, baadaye alifika hata Nairobi, na gitaa lake la vidole lilisikika sana huku. Wakati ule, ukiwa mpiga gitaa, ulihitaji mtu wa nje aje na mashine. Asipopita kwenu, hukuwepo.

Na hata akipita, mashine ilikuwa na masharti. Sahani za santuri za wakati ule zilibeba kama dakika tatu kila upande. Kwa hivyo zile nyimbo za zamani tunazoziita fupi na tamu, ufupi wake ulitokana kwa sehemu kubwa na sahani. Nyumbani Khwisero mjomba anapiga wimbo mmoja hadi chakula kiive. Kwa keja yangu alipiga mmoja dakika kumi na moja. Nilipoangalia faili, ilikuwa megabaiti 87 hivi. Video ya mtu anadansi kwa choo inakula zaidi.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Sahani imeondoka. Mtu wa nje na mashine yake hatumhitaji. Nina nafasi ya kumrekodi mjomba kwa urefu wake, kwa kasi yake, kwa kikohozi chake katikati ya beti. Halafu nichukue uhuru wote huo niukabidhi kwa namba 120 iliyowekwa na mtu ambaye hajawahi hata kuona chupa ya Fanta ikikwaruzwa?

Na ile hoja ya ngoma ina jibu. Badala ya kuvuta gitaa lifuate gridi, unaweza kuvuta gridi ifuate gitaa. Programu nyingi za kurekodi zina hiyo ramani ya kasi: unasikiliza, unaweka alama mwanzo wa kila baa, na programu inajifunza kupanda na kushuka pamoja na mpigaji. Ni kazi ya kuchosha, nisikudanganye. Wimbo mmoja ulinila jioni mbili na macho yakawa mekundu. Lakini sasa prodyusa anaweza kuweka ngoma yoyote, na ni ngoma inayomfuata mzee. Alijaribu wiki jana, beseni la kick chini kabisa na ile chupa juu. Hakusema nilikuwa sahihi. Alisema, "Nitumie hizo zingine."

Zilizobaki ni nane. Jumla tulipata nyimbo tisa kabla vidole havijakataa kabisa, usiku wa kumi na moja, ambapo alijaribu mara mbili akaweka gitaa kitandani na kuomba maji. Tisa, na tatu kati yake hazina jina. Nilimuuliza za nani. Moja alisema ni ya baba yake, na kwamba baba yake hakuwahi kusema imeitwaje.

Faili ghafi nimeziweka sehemu tatu: kwa laptopu, kwa diski ya nje iliyo kwa mamangu, na kwenye wingu. Hizo sizigusi. Kumiksi nafanya kwa nakala. Ukirekodi mtu wa aina hii, fanya hivyo usiku huohuo kabla ya kulala, usingoje wikendi.

Mjomba alirudi nyumbani na kadi ya memori ambayo anaichomeka kwa ile redio ndogo ya sola. Jumapili alipiga simu. Hakuuliza kuhusu saundi, wala nimeposti wapi. Aliuliza kama nimeushika wimbo wa saba, ule wa baba yake. Nikamwambia naupunguza kasi hadi nusu kwenye kompyuta, noti zikibaki palepale, narudia kila usiku. Akauliza nimefika wapi.

Nimefika dakika ya nne. Gumba bado linanikataa.